Maswali ya wasomaji: Kompyuta ya Linux kwa sinema ya nyumbani, ninunue vifaa gani?

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Wengi mnataka kuweka kompyuta ya Linux karibu na runinga, icheze filamu mlizo nazo, ishike chaneli za antena, itoe sauti nzuri, na watu wote wa nyumbani waitumie kwa rimoti bila kumwita mtaalamu. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote katika ufundi wangu, kwa hiyo nimezisoma barua zenu kwa furaha. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana jambo lililomo ndani yake linawahusu karibu wote mlioandika.

"Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 8 GB. Nimeweka Linux na Kodi, ile programu ya kuchezea filamu. Filamu za kawaida zinacheza vizuri, lakini faili za 4K zinakwamakwama, sauti inaitangulia picha na feni inanguruma. Rafiki ananishauri ninunue kadi kubwa ya michoro, ile ya wacheza gemu. Nimsikilize?"
*Mpenzi wa filamu za wanyamapori*

Salama, ndugu yangu. Hapana, usimsikilize. Kompyuta yako haijakosa nguvu. Imekosa ujuzi wa kitu kimoja, na ujuzi huo hauhitaji kadi kubwa.

Kila faili ya filamu imebanwa kwa kanuni fulani, yaani kodeki. Ili uione picha, lazima isimbuliwe fremu baada ya fremu, tena kwa wakati. Kazi hiyo hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni prosesa yenyewe kuipiga hesabu kwa programu. Ya pili ni sakiti maalumu iliyochongwa ndani ya chipu ya michoro kwa kazi hiyo tu. Tofauti yao ni ya mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha aliyozaliwa nayo, na mwingine anayeichambua neno kwa neno akiwa na kamusi mkononi. Wa kwanza hatoki jasho.

Sakiti iliyo ndani ya Core i5 yako inazifahamu kodeki za MPEG-2, VC-1 na H.264. Ndiyo maana filamu zako za kawaida hazisumbui. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilipitishwa mwaka 2013, na kizazi cha nne cha Core kilitoka mwaka huo huo. Kwa hiyo chipu yako ilizaliwa bila kuijua, na hakuna draiva wala sasisho litakaloifundisha. Faili zako za 4K karibu zote zitakuwa za HEVC ya biti 10. Kodi ikikosa sakiti ya kuzisimbua huitupia prosesa mzigo wote, viini vinne vinafanya kazi kwa asilimia 100, joto linapanda, feni inapiga kelele, na bado fremu zinachelewa.

Basi kabla ya kununua chochote, zikague faili zako. Programu ya MediaInfo ipo katika hazina za karibu kila Linux. Ifungulie filamu mojamoja uangalie mambo mawili: kodeki ya video na idadi ya biti kwa kila rangi, 8 au 10. Ukishajua unacho nini, swali la kununua nini linakuwa jepesi. Kwa Intel, HEVC ya biti 8 ilianza kusimbuliwa na sakiti katika kizazi cha sita, HEVC na VP9 za biti 10 katika kizazi cha saba, na AV1 katika kizazi cha kumi na moja. Kadi za AMD zilianza kuisimbua AV1 na familia ya RX 6000, za NVIDIA na familia ya RTX 30. AV1 yenyewe ilitoka mwaka 2018 na inazidi kuenea katika video za mtandaoni, kwa hiyo anayenunua kifaa kipya leo naomba asiiache nyuma.

Ukitaka kubaki na kompyuta uliyo nayo, kadi ndogo inatosha. Intel Arc A310 au A380 zinasimbua H.264, HEVC, VP9 na AV1. AMD RX 6400 inasimbua H.264, HEVC na VP9, lakini AV1 haiisimbui ingawa ni ya familia ya RX 6000. Watu wengi hawalijui hilo hadi wamekwisha lipa. Pima pia nafasi iliyo ndani ya kasha lako. Kompyuta nyingi za ofisini ni nyembamba na zinapokea kadi fupi tu zenye bati la nusu urefu.

Kuhusu NVIDIA niseme wazi msimamo wangu: kwa sebuleni kwenye Linux, naiacha. Si chipu mbaya, na GT 1030 kwa mfano hutengenezwa hata bila feni. Tatizo ni kwamba draiva yake iliyo kamili ni ya kampuni yenyewe, inakaa nje ya keneli, yaani kiini cha Linux, na siku moja inaachana na kadi yako. Mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kuhudumia kizazi cha Pascal, ambacho GT 1030 imo. Draiva za Intel na AMD zimo ndani ya keneli na Mesa, ile maktaba huria ya michoro, na Kodi huzungumza nazo kwa VA-API, njia ya Linux ya kuiomba sakiti isimbue video, bila wewe kusakinisha kitu kigeni. Hata LibreELEC, mfumo mdogo uliotengenezwa kwa ajili ya Kodi peke yake, toleo lake kuu la kompyuta za kawaida halihudumii NVIDIA. Wenye kadi hizo wanapewa toleo la pembeni linalotumia njia ya zamani.

Ila kama kompyuta hiyo ingekuwa yangu, nisingeinunulia kadi. Ningeipeleka chumba kingine iwe ghala la filamu, maana ina nafasi ya diski kubwa na kelele yake huko haitamkera mtu. Karibu na runinga ningeweka kisanduku kidogo chenye Intel N100. Chipu hiyo ilitoka mwaka 2023, ina viini vinne, imepangiwa wati 6 tu, na sakiti yake ya video inajua H.264, HEVC ya biti 10, VP9 na AV1. Ninayotumia mimi nyumbani ni hiyo, katika kasha la alumini lisilo na feni hata moja. Usiku, mazungumzo ya kunong'ona ndani ya filamu yanasikika.

Mambo mawili ya kuangalia kabla sijakuacha. Ukipata kompyuta ya Intel ya kizazi cha saba hadi cha kumi kwa mkono wa pili, ichunguze tundu la HDMI. Chipu nyingi za vizazi hivyo zinajua HEVC ya biti 10, lakini HDMI yake ni 1.4, ambayo kwa 4K inaishia picha 30 kwa sekunde na haipitishi HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi. Tundu la DisplayPort la mashine hiyo hiyo linafika 60. Hapo hutumika adapta amilifu ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI 2.0, ile adapta ya kawaida, isiyo na chipu ndani, haitasaidia.

Jambo la pili ni Linux yenyewe. Mwaka 2022 Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliondoa usimbuaji wa H.264 na HEVC ndani ya Mesa kwa sababu za hataza. Mwenye chipu ya AMD akiiweka Fedora kama ilivyo ataona prosesa inahangaika na atadhani amenunua kifaa kibovu, kumbe kinachokosekana ni kifurushi cha Mesa kutoka RPM Fusion, hazina ya vifurushi iliyo nje ya Fedora. Nimewaona watu wakirudisha dukani vifaa vizima kwa sababu hiyo, na inaniuma.

"Mwanangu, mimi ni mstaafu. Nataka kisanduku kisicho na kelele wala kibodi, nikiendeshe kwa rimoti ile ile ya runinga. Nina filamu zangu kwenye diski ya USB, na napenda chaneli za bure za antena. Mjukuu wangu anasema Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, itanitosha. Ni kweli?"
*Babu wa wajukuu wengi*

Shikamoo mzee. Ni kweli, na mjukuu wako amekushauri vizuri kuliko wauzaji wengi.

Sababu kubwa ni rimoti. Ndani ya waya wa HDMI kuna mstari mwembamba uitwao CEC, ambao runinga hutumia kupeleka mibonyezo ya rimoti kwenye kifaa kilichounganishwa. Raspberry Pi inao, na Kodi inauelewa bila kupangwa. Ukibonyeza mshale kwenye rimoti ya runinga, orodha ya filamu inasogea. Kompyuta nyingi za kawaida, hata za bei ya juu, hazina CEC, na mwenye nazo hulazimika kuongeza adapta ya Pulse-Eight inayochomekwa USB, au kipokezi cha Flirc kinachojifunza mibonyezo ya rimoti yoyote ya miale na kujitambulisha kwa Linux kana kwamba ni kibodi. Vyote viwili ni vifaa vizuri. Wewe huvihitaji.

Kati ya Pi 4 ya mwaka 2019 na Pi 5 ya mwaka 2023, zote zina sakiti ya HEVC inayofika 4K kwa picha 60. Pi 5 haina sakiti ya H.264, lakini viini vyake vina nguvu ya kuisimbua kwa programu bila tabu kwa filamu za 1080p. AV1 hakuna kati yao yenye sakiti yake. Kwa filamu zilizo kwenye diski yako, yoyote itakufaa. Pi 5 ni nyepesi zaidi unapopekua orodha ndefu zenye picha za majalada.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu umeme, mzee, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 5 inataka volti 5 na ampea 5. Chaja ya simu haitoi hivyo. Ukiipa Pi 5 chaja ya ampea 3 itawaka, lakini itabana umeme wa matundu ya USB, na diski yako inayotegemea tundu hilo itajikata katikati ya filamu. Diski ikijikata namna hiyo mara nyingi, faili zinaharibika. Nunua chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya Pi, na kama diski yako ni ile kubwa ya inchi 3.5, iwe na umeme wake yenyewe.

Mfumo usiuweke kwenye kadi ya kumbukumbu ukitaka ukae miaka. Kodi huandika hifadhidata yake kila mara, na kadi hizo huchakaa kwa kuandikwaandikwa, hasa umeme ukikatika ghafla. SSD ndogo kwenye tundu la USB 3 inamaliza suala hilo. Kasha liwe la chuma linaloshika chipu moja kwa moja na kulifanya kasha zima kuwa kipozeo. Hapo hakuna feni, hakuna kelele. Waya wa HDMI nao ni wa namna yake, kwani upande wa Pi unataka kichwa cha micro-HDMI. Utumie tundu lililo jirani na la umeme.

Chaneli za antena zinahitaji kipokezi cha USB cha DVB-T2, mfumo wa runinga ya dijiti ya antena, na programu ya Tvheadend kukiendesha. Hapa naomba mjukuu akusaidie kununua. Jina lililo kwenye boksi halitoshi. Watengenezaji hubadilisha chipu ya ndani bila kubadilisha jina la bidhaa, na toleo jipya linaweza lisiwe na draiva ya Linux kabisa. Atafute kwanza katika orodha za LinuxTV, mradi wa draiva za runinga kwa Linux, aangalie nambari ya utambulisho ambayo amri ya lsusb huionyesha, na ahakikishe faili ya fimwea ya kipokezi hicho ipo. Kipokezi kimoja kinaweza kurekodi chaneli kadhaa kwa wakati mmoja ikiwa zinarushwa kwenye masafa yale yale, kwa hiyo usishawishike kununua vinne. Viwili vinatosha nyumba yenye watu wenye mapenzi tofauti. Chaneli za kulipia zilizofungwa hazitafunguka kwa kifaa hiki, hilo ulijue mapema.

Na usihangaike kuizima. Pi inakula wati chache tu; zima runinga, uiache yenyewe ikingoja.

"Fundi, RAM kiasi gani?"
*Asiyependa maneno mengi*

GB 4 zinatosha kwa Kodi peke yake. GB 8 ukitaka na kivinjari. Zaidi ya hapo, fedha ipeleke kwenye diski. Kama prosesa yako ina njia mbili za kumbukumbu na inategemea michoro ya ndani, weka vipande viwili badala ya kimoja kikubwa, maana michoro hiyo inakula kwenye RAM hiyo hiyo. N100 ina njia moja tu, kwa hiyo kipande kimoja ndicho chake.

"Shikamoo fundi. Nimejikusanyia vifaa taratibu: runinga ya 4K yenye HDR, risiva ya sauti na spika saba pamoja na sabufa. Kompyuta ina michoro ya Intel ya kizazi cha kumi na mbili na Ubuntu. Sauti naipeleka kwa waya wa mwanga. Filamu zenye TrueHD zinatoka kwa sauti ya kawaida tu, na filamu za HDR rangi zimepauka. Nimekosea kununua wapi?"
*Kijana wa spika saba*

Marahaba, mdogo wangu. Hujakosea kununua popote. Vifaa ulivyo navyo vinafanya yote mawili. Kinachotakiwa ni kubadili njia.

Waya wa mwanga, ule wa S/PDIF, ni wa zama za DVD. Unabeba sauti ya stereo isiyobanwa, au AC3 na DTS za spika sita zikiwa zimebanwa. Hapo ndipo unapoishia. TrueHD na DTS-HD Master Audio, sauti zinazobanwa bila kupoteza chochote, zinapita kwenye HDMI tu. Kwa hiyo HDMI itoke kwenye kompyuta iingie kwenye risiva, na kutoka risiva iende runinga. Kisha ndani ya Kodi uruhusu sauti ipite bila kuguswa, uweke tiki kwa kila aina ambayo risiva yako inaijua, na katika orodha ya vifaa vya sauti uchague kile cha HDMI kilichoandikwa ALSA, yaani njia ya sauti ya keneli yenyewe. PipeWire au PulseAudio, programu za eneokazi zinazogawa sauti, zikiwa zimekaa katikati, mara nyingi ndizo zinazoizuia sauti hiyo isipite. Taa ya TrueHD ikiwaka kwenye uso wa risiva, umefika. Mimi bado hufurahi kila ninapoiwashia mtu taa hiyo kwa mara ya kwanza.

Rangi zilizopauka mara nyingi hutokana na X11. Mfumo huo wa madirisha ni wa miaka ya 1980 na haujui HDR. Unachukua picha ya HDR na kuionyesha kana kwamba ni ya kawaida. Kodi inapoendeshwa moja kwa moja juu ya keneli, bila eneokazi lolote, kwa njia iitwayo GBM, inaweza kuiambia runinga kwamba picha inayokuja ni HDR10, aina ya kawaida ya HDR, na runinga yenyewe inabadilisha hali yake. LibreELEC ya kompyuta za kawaida inafanya hivyo tayari. Iweke kwenye flashi, iwashe kutoka hapo, ujaribu kabla ya kuigusa Ubuntu yako.

Dolby Vision, aina nyingine ya HDR, usiiwekee matumaini kwenye kompyuta ya Linux. Filamu yenye Dolby Vision iliyojengwa juu ya HDR10 itacheza kama HDR10, na ni nzuri. Ile isiyo na msingi huo, inayoitwa profaili 5, inaweza kukutolea rangi za zambarau na kijani. Tatizo si waya wako.

Umeniuliza chini ya barua kama usubiri kadi yenye HDMI 2.1. Kwa filamu, usisubiri. HDMI 2.0 inapitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na filamu ya 4K ya picha 24 yenye HDR ya biti 10 inaingia humo na nafasi inabaki. Tena kwa Linux suala hili lina historia yake: AMD ilitaka kuweka HDMI 2.1 katika draiva yake ya chanzo huria, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ikajulikana kwamba HDMI Forum imelikataa pendekezo hilo. Nililisikitikia sana jambo lile, kwa sababu liliwanyima watu uwezo uliokwisha kuwemo ndani ya kadi walizozinunua kwa fedha zao.

Ukishamaliza, nenda kwenye mipangilio ya Kodi uruhusu kasi ya runinga ifuate kasi ya filamu. Sinema nyingi zina picha 24 kwa sekunde, au kwa usahihi zaidi 23.976. Runinga ikibaki kwenye 60, fremu moja itaonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na kamera inapozunguka taratibu juu ya mandhari utaona kuyumba kidogo kusikoisha. Wengi wameuzoea mchezo huo bila kujua kwamba unatibika. Chaneli za DVB zinazorusha picha 25 au 50 zinataka runinga iwe kwenye 50.

Na ukiona kompyuta inawaka bila picha au bila sauti kila unapoiwasha kabla ya risiva, sababu ni EDID. Hicho ni kijitaarifa ambacho runinga na risiva hukitoa kueleza zinaweza nini. Kompyuta ikiuliza wakati zimelala, hakuna wa kujibu. Kwenye LibreELEC, washa kila kitu, ingia kwa SSH (njia ya kuandika amri kutoka kompyuta nyingine), andika `getedid create`, uwashe upya. Kijitaarifa kinahifadhiwa na kompyuta haiulizi tena.

"Nikijenga kompyuta nzuri ya Linux, nitatazama huduma za kulipia kwa 4K?"
*Mama wa nyumba ya wapenda tamthilia*

Hapana, dada yangu, na ni heri uambiwe sasa. Huduma hizo hulinda picha zake kwa Widevine, mfumo wa kuzuia kunakili, na 4K huitoa kwa vifaa vyenye ngazi ya L1, ile inayofungwa ndani ya chipu. Kivinjari cha Linux kina ngazi ya L3 tu, kwa hiyo unapewa ubora wa chini hata kama kompyuta yako ni ya nguvu namna gani. Kama tamthilia za kulipia ndizo uhai wa nyumba yako, runinga yenyewe au kijiti kilichoidhinishwa na huduma hiyo kiendelee na kazi hiyo. Kompyuta ya Linux iwe ya filamu zako, antena, muziki na picha za familia. Kila kimoja kibaki na tundu lake la HDMI.

"Filamu zangu ziko kwenye diski iliyo chumba cha pili, zinakuja kwa Wi-Fi. Za 1080p sawa, za 4K zinasimama. Nibadilishe ruta?"
*Msomaji wa siku nyingi*

Vuta waya wa mtandao. Filamu ya 4K iliyotolewa kwenye diski ya Blu-ray bila kubanwa upya huweza kupita megabiti 100 kwa sekunde katika matukio mazito, yale ya mvua, moshi au majani yanayotikisika. Wastani wake uko chini ya hapo, ndiyo maana inacheza dakika kadhaa halafu inasimama. Wi-Fi inaweza kuonyesha tarakimu kubwa, lakini mkondo wake unapanda na kushuka, na kuta zinaunyonya.

Hata ukiwa na waya, kagua kila kiungo. Swichi, ruta au kisanduku chenye tundu la megabiti 100 kitakurudisha pale pale. Tundu liwe la gigabiti, waya uwe wa Cat 5e au zaidi wenye nyaya zote nane zilizofungwa vizuri. Jozi moja ikilegea, vifaa huteremka hadi megabiti 100 bila kukuambia. Amri ya `ethtool` itakuonyesha kasi iliyokubaliwa kati yao. Ukikuta 1000Mb/s, ruta yako haina kosa.

"Nataka kununua kisanduku kilichotumika. Muuzaji ananiruhusu kukijaribu. Nipime nini?"
*Mwanafunzi wa chuo*

Huyo ni muuzaji wa kushikamana naye. Nenda na flashi mbili. Ya kwanza iwe na Linux yoyote inayowaka bila kusakinishwa, ukiwa umeongeza mapema vifurushi vya vainfo, inayoorodhesha kodeki ambazo sakiti inazijua, na mpv, kicheza video. Ya pili ibebe filamu nzito kuliko zote ulizo nazo, HEVC ya biti 10 ya 4K, pamoja na moja ya AV1.

Kikishawaka, andika `vainfo`. Tafuta mstari wa VAProfileHEVCMain10, na kando yake neno VAEntrypointVLD. Maana yake sakiti inaweza kuisimbua. Kwa AV1 tafuta VAProfileAV1Profile0. Orodha ikija tupu, usikimbilie kukataa. Angalia kwanza kama draiva sahihi ya VA-API imo kwenye flashi yako, kwa Intel ya kuanzia kizazi cha tano ni ile iitwayo iHD.

Kisha cheza filamu kwa mpv ukiilazimisha itumie VA-API, ufungue `top` dirisha la pili. Prosesa ikikaa chini huku picha ikitiririka, sakiti inafanya kazi yake. Iache icheze nusu saa kamili, uweke kiganja juu ya kasha. Joto ni sawa. Picha ikianza kukwama baada ya dakika ishirini, gundi ya joto chini ya kipozeo imekauka au vumbi limeziba matundu, na kisanduku kinajipunguzia kasi kujiokoa. Hilo linarekebishika, lakini liseme kwa muuzaji kabla hamjakubaliana.

Mwisho, kilaze kisanduku usingizi (suspend), kisha ukiamshe. Ukikuta HDMI inarudi na sauti na mtandao upo, lipa. Usisahau kuomba adapta yake ya umeme, ile ya asili, na usome volti zilizoandikwa juu yake kabla hujaichomeka nyumbani.